SOMO LA SAFARI: MITIHANI YA SIKU YA KWANZA



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, likizo inapofika familia nyingi hufunga mizigo. Wapo wanaopanda basi, na wapo wanaokodi gari wakapakia magodoro, masufuria, ndoo za maji na watoto. Katika nchi za Ulaya na Marekani yapo magari maalumu yenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji ndani yake. Sisi hapa tutayaita magari-nyumba. Watu husafiri nayo wiki nyingi, na wengi wao husimulia mikasa iliyowakuta siku ile ile ya kwanza. Tumeona tulitazame jambo hili, kwani anayesafiri kwa Hiace ya kukodi na anayesafiri kwa gari-nyumba mtihani wao ni mmoja.

KWA NINI SIKU YA KWANZA?

Sababu ya kwanza ni uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, basi tangi la lita 100 ni sawa na magunia mawili ya kilo 50. Ongeza vyombo, chakula na watu. Tairi lenye upepo mdogo likibebeshwa mzigo mkubwa hujikunja sana linapozunguka, hupata joto, na mwisho hupasuka.

Sababu ya pili ni kwamba vitu havijazoea mwendo. Kabati lililotulia nyumbani hufunguka kwenye kona ya kwanza, na sahani zikamwagika. Mtungi wa gesi ambao haukufungwa vizuri ni hatari ya moto.

Sababu ya tatu ni dereva. Gari-nyumba ni refu na limeinuka kuliko gari la kawaida. Aliyezoea gari dogo husahau matawi ya miti, madaraja ya chini na vibanda vya vituo vya mafuta.

Sababu ya nne ni haraka. Watu wamelala usiku wa manane wakifunga mizigo, wanaondoka wamechoka, kisha wanataka kufidia muda kwa mwendo kasi. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu sahani hununuliwa nyingine, lakini roho hainunuliwi.

KISA CHA MWAKA 1903

Mwaka 1903 daktari mmoja wa Marekani, Horatio Nelson Jackson, mwenye umri wa miaka 31, aliweka dau la dola 50 kwamba ataivuka nchi yake kwa gari katika muda usiozidi siku 90. Dau hilo hatulisifu, kwani kamari ni haramu. Tunachokitaka ni mafunzo ya njia.

Alinunua gari aina ya Winton lenye nguvu farasi 20, akamchukua fundi aitwaye Sewall Crocker, na siku chache tu baadaye, tarehe 23 Mei 1903, wakaondoka San Francisco. Gari halikuwa na paa. Walipakia matandiko, vyombo vya kupikia, shoka, sepetu, vipuri na madebe ya mafuta.

Hawakufika mbali. Baada ya kilomita 24 hivi tairi likapasuka. Walikuwa na tairi moja tu la akiba, kwani ndilo pekee walilolipata mjini lenye kipimo chao. Basi akiba yote ya matairi ikaisha siku ya kwanza. Usiku wa pili wakatambua kwamba taa zao ni hafifu, ikabidi watafute taa kubwa. Tena, kelele za gari zilikuwa nyingi hata vyombo vya kupikia vikawa vinaanguka njiani kimoja kimoja, nao hawasikii. Mbele ya safari mwanamke mmoja aliwaelekeza njia isiyo yao, ili jamaa zake wapate kuliona gari, jambo lililowapotezea zaidi ya kilomita 170.

Pamoja na hayo yote waliingia New York tarehe 26 Julai 1903, baada ya siku 63. Walikuwa watu wa kwanza kuivuka Marekani kwa gari.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Pakia mapema na ulijaribu gari likiwa na mzigo wake, mchana na usiku. Upepo wa matairi upimwe kabla ya kuondoka, matairi yakiwa bado ya baridi.

2. Tairi la akiba nalo likaguliwe. Tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo tu.

3. Baada ya mwendo mfupi wa kwanza simameni. Kagueni nati za magurudumu, kamba za mizigo na milango. Jackson angesimama na kukagua mara kwa mara, asingepoteza vyombo vyake.

4. Kila mnaposimama, wahesabuni watoto kabla ya gari kuondoka. Mmoja ahesabu na mwingine ahakikishe.

5. Njia iulizwe kwa watu wawili, si mmoja.

6. Siku ya kwanza iwe fupi. Dereva aliyechoka apumzike, wala asionewe haya kuambiwa hivyo.

MSAFIRI NA DINI YAKE

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wasafiri wakiwa watatu wamteue mmoja wao kuwa kiongozi. Faida yake huonekana tairi linapopasuka, ambapo kila mtu huwa na rai yake na sauti hupanda. Vilevile alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Kukaza nati ni katika kumfunga ngamia.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, safari halali inayofika kiasi cha kilomita 80 na zaidi humruhusu msafiri kuswali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Ruhusa hii huanza baada ya kuyapita majengo ya mji wake. Basi aliyekawia kupakia mizigo hata Adhuhuri ikamkuta mlangoni kwake, akitaka kuswali hapo ataswali rakaa nne.

Maulamaa wamesema safari imeitwa safari kwa kuwa hufunua tabia za watu. Siku ya kwanza ndipo pazia linapoanza kufunuliwa. Baba anayemkaripia mama kwa ajili ya chupa ya chai iliyomwagika, watoto wanamtazama.

MASWALI

1. Taja sababu nne za mikasa ya siku ya kwanza.
2. Ni kwa nini vyombo vya Jackson vilipotea bila yeye kujua?
3. Msafiri huanza kupunguza Swala akiwa wapi?
4. Waulize wazazi wako: katika safari yenu ijayo, nani atawahesabu watoto?

Wabillahi tawfiiq.