Kulegea si Kufunguka: Vitenzi vya Kuachana kwa Vitu na Matumizi Yavyo

Mtahiniwa akiulizwa kinyume cha 'funga', jibu humjia upesi: 'fungua'. Akiulizwa kinyume cha 'kaza', hujibu kwa wepesi uo huo, 'legeza', naye hupewa alama yake. Maswali haya mawili huwekwa katika zoezi moja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba tofauti baina yao ndiyo inayotawala matumizi ya maneno mengi yanayohusu vitu vilivyofunguka, vilivyolegea au vilivyochomoka.

Tuanze na 'fungua'. Kitenzi hiki kimo katika kauli ya kutendua, ambayo Ashton aliijadili katika sarufi yake ya mwaka 1944 na ambayo hadi leo hufundishwa katika shule za upili. Kauli hii haikanushi tendo, bali hulirudisha nyuma lilikotoka. Aliyefungua mlango hakukosa kuufunga. Ulikuwa umefungwa, naye akakitangua kile kilichofanywa. Kiambishi chake ni -u-, au -o- pale ambapo mzizi una irabu o: ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua, lakini choma na chomoa, shona na shonoa. Vitenzi vyenye -ika au -eka hudondosha kiambishi hicho kwanza: bandika huzaa bandua, anika huzaa anua, na aliyeezeka paa huliezua.

Utajiri wa kauli hii umo katika jambo moja: kila namna ya kushikanisha ina namna yake ya kuachanisha. Mlango uliokomewa hukomolewa. Kilichofumwa hufumuliwa. Kilichopachikwa hupachuliwa, na shehena iliyopakiwa hupakuliwa. Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba kanuni hii ni mashine. Nywele husukwa, lakini anayezirudisha katika hali yake ya awali huzifumua. 'Kusukua nywele' ni lugha ya mwanafunzi aliyeikariri kanuni bila kuyasikiliza mazungumzo ya wasusi. Nanga nayo hutiwa, kisha hung'olewa. Wala si kila kitenzi kinachoishia kwa -ua ni cha kutendua. Hakuna 'kuchuka' kulikotanguliwa na 'kuchukua', wala hakuna aliyewahi 'kununa' bidhaa kabla ya kuinunua.

Sasa turejee kwa 'kaza'. Mbona hatusemi 'kazua'? Sababu ni kwamba kukaza si tendo lenye ncha mbili. Ni suala la kiasi. Kamba huwa imefungwa au haikufungwa, basi. Lakini iliyofungwa yaweza kukazwa sana, kidogo, au kuachwa ilegee. Hapa ndipo penye kiini cha mjadala: kilicholegea bado kimefungwa. Mpini wa jembe hulegea kwanza, ukawa unacheza ndani ya tundu lake, mkulima asipoutia kabari ndipo uchomokapo. Akisema umechomoka ilhali umelegea tu, ametangaza msiba kabla ya mgonjwa kukata roho.

Eneo hili la kulegea lina msamiati wake, na ni makosa kuuacha ufifie. Nguo au kiatu kikubwa kuliko mwili hupwaya. Hakikulegea, kwa kuwa pengine hakikuwahi kumkaa sawasawa aliyekivaa. Jino linalokaribia kung'oka hulegalega. Kwa upande wa pili, kilichokwisha kuachana na mahali pake hutajwa kulingana na jinsi kilivyoachana. Samaki huponyoka mkononi. Mtego hufyatuka. Ngozi ya mti hubanduka. Kifungo cha shati kilichotoka katika tundu lake kimefunguka, bali kile kilichobaki chini sakafuni uzi wake ukiwa umekatika, kimeng'oka. Mbuzi aliyeonekana shambani mwa jirani yaweza kuwa amefunguka, amekata kamba, au amefunguliwa, na malipo ya mahindi yaliyoliwa yatategemea ni lipi kati ya hayo matatu.

Mfano wa mbuzi si mzaha. Katika mahakama za chini nchini Kenya, Kiswahili na Kiingereza ni lugha za mahakama, na mara nyingi shahidi husema kwa Kiswahili huku kumbukumbu zikiandikwa kwa Kiingereza. Chukulia kesi ya lori lililoangusha mzigo barabarani:

(a) Kamba zilikuwa zimelegea.
(b) Kamba zilifunguka.
(c) Kamba zilifunguliwa.

Sentensi ya (a) inaelekeza kidole kwa dereva aliyepaswa kuzikaza. Ya (b), kwa sababu ya kiambishi -k- cha kutendeka, haimtaji mtenda yeyote. Ya (c) inadai kwamba kuna mkono wa mtu. Mfasiri anayezimimina zote katika neno moja la Kiingereza amebadilisha ushahidi, japo hakukusudia.

Uandishi wa habari nao una fungu lake la lawama. Juni 2020, saa za kafyu nchini Kenya zilisogezwa kutoka saa moja jioni hadi saa tatu usiku. Huko kulikuwa kulegeza: kafyu ilibaki, ila haikubana kama awali. Kafyu hiyo iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na hapo neno 'kulegezwa' halikufaa tena. Msikilizaji wa redio aliyechanganyiwa maneno hayo mnamo 2020 angeweza kujikuta mikononi mwa polisi.

Lugha ya ibada haijachanganya. Saumu hufungwa, kisha hufunguliwa, na hakuna anayesema kwamba ameilegeza. Kwa Waswahili, miezi tisa inayofuata Ramadhani huhesabiwa kwa kufungua huko, kuanzia Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Tisa (wengine hutamka Mfungo), na Maulidi huangukia Mfunguo Sita.

Mipaka hiyo hiyo huonekana katika kuwasifu na kuwakashifu watu. Aliyekunjua uso na moyo ni mkunjufu, naye hupendwa. Aliyelegea ni mlegevu, naye hasifiwi na mtu. Siku hizi magazeti na redio hueleza kwamba msanii fulani 'amefunguka' kuhusu ndoa yake, maana yake amesema yaliyokuwa moyoni. Wapo wanaoliona tumizi hili kuwa la mitaani, lakini limejengwa barabara: siri ilifungwa, sasa imefunguliwa. Angeambiwa 'amelegea' kuhusu ndoa yake, lingekuwa tusi.