SOMO: UA LA SIKU MOJA
Mathayo 6:28-30, Yeremia 29:4-10

Yesu alituagiza tuyatazame maua ya shambani. Basi tutazame ngai-ngai, ambayo huku Tanzania huitwa choya au rozela. Ni ndugu ya haibiskasi, ile ya uani yenye maua makubwa mekundu, hata na bamia ni ukoo mmoja. Ua lake hufunguka asubuhi, jioni limesinyaa. Lakini kikombe chekundu kilicholishika hakidondoki. Huendelea kunenepa, nacho ndicho tunachochemsha kupata juisi. Majani yake machachu ni mboga, nasi tunaijua vizuri!

Wengi wetu hatupandi kitu kando ya nyumba. Tunasema, sisi ni wapita njia, mwaka kesho tuko kwetu. Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wapande bustani na kula matunda yake. Wala hakuwaambia wasahau kwao: barua ileile ina ahadi ya kurudi baada ya miaka 70.

Swali la kujadili nyumbani: Mlangoni petu pana nafasi gani, na ni jirani yupi tumwombe mbegu kabla ya mvua?