Neno "by" lina kazi ngapi?

Swali: Nasoma kidato cha pili Bunda. Neno "by" la Kiingereza linanichanganya: mara "kwa", mara "na". Nishike lipi?

Jibu: Tazama kazi ya neno hilo katika sentensi, usishike tafsiri moja. Musoma ipo "by the lake", kando ya Ziwa Victoria. Mabepari wa Venisi ya Shakespeare, iliyotoka 1969, ilitafsiriwa na ("translated by") Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Hapo "by" humtaja mtenda.

Mtego mkubwa uko kwenye "kwa". Kwenda Butiama kwa basi ni "by bus", bila "the" katikati, lakini kwa miguu ni "on foot", na kukata sato kwa kisu ni "with a knife". Kifaa kilichoshikwa mkononi hudai "with". Wanafunzi wengi huanguka hapa, kwa hiyo fanya mazoezi mengi.

Kwenye wakati, "by Friday" maana yake kazi iwe imekwisha Ijumaa au kabla. "Until Friday" ni kazi inayoendelea mpaka Ijumaa. Ukiambiwa ulete daftari "by Friday" ukalileta Jumatano, umetii.