STIMA MBILI, ARDHI MOJA

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini hapa Eldoret nyumba nyingi siku hizi zinafuga fahali wawili: stima ya gridi inayotoka kwenye nguzo, na stima ya sola inayotoka juu ya mabati. Sababu yake tunaijua. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. Tarehe 25 Agosti 2023 giza la nchi nzima lilirudi, na mara hii watu wengi walilala nalo. Wazazi wakachoka na mishumaa. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Makala haya hayakusudii kukufanya fundi. Yanakusudia jambo moja tu: ukiishi katika nyumba yenye stima mbili, ujue ni kwa nini ardhi yake lazima iwe moja, na ujue cha kumwuliza fundi kabla hajapanda ngazi.

Friji iliyomtekenya mama

Fundi wa kwanza alikuja na paneli nne, betri na inveta. Akapiga rodi yake ya ethi nyuma ya nyumba, karibu na zizi, akaifunga kwenye fremu za paneli. Rodi ya zamani, ile ya gridi, ilikuwa mbele karibu na mita. Kisha akavuta waya mpya kutoka kwenye inveta hadi soketi ya jikoni ili friji isizime stima ikipotea. Alipomaliza alisema, "Mama, hii kitu iko sawa kabisa. Sasa hata wakikata, wewe unaendelea tu."

Baada ya wiki mbili mama akaanza kulalamika. "Hii friji inanitekenya vidole." Sisi watoto tukacheka. Lakini aliyezidi kutekenywa ni yeye, maana ndiye aliyepiga deki alfajiri, miguu mitupu, sakafu ikiwa imelowa. Baba akaenda kwenye kisanduku kipya akabonyeza kile kitufe cha T cha swichi ya RCD. Tap! Swichi ikaruka. "Mnaona?" akasema. "Inafanya kazi. Hakuna shida."

Naam, hapo ndipo tulipokosea, na nitaeleza kwa nini.

Ethi hufanya kazi gani?

Waya za nyumbani ni tatu. Laivu huleta mkondo, nyutro huurudisha, na ethi, ile ya kijani na manjano, hukaa bure ikingojea siku ya balaa. Ethi hufungwa kwenye kila chombo chenye ngozi ya chuma: friji, pasi, birika, hata inveta yenyewe. Laivu ikichubuka na kugusa chuma hicho, mkondo hupata njia nyepesi ya kuondoka badala ya kupitia kwenye mwili wa mtu.

Wengi hudhani kwamba ukishapiga rodi ardhini umemaliza. Hebu tufanye hesabu ya Fizikia. Gridi yetu ni volti 240. Tuseme ukinzani wa njia nzima ya udongo ni omu 40, jambo la kawaida kabisa wakati wa kiangazi ambapo udongo wetu mwekundu hukauka ukapasuka. Gawanya 240 kwa 40, unapata ampea 6. Sakiti breka ya jikoni ni ya ampea 30. Je, itaruka? Haitaruka. Kwake yeye ni kama mtu ameanza kupiga pasi, na chuma cha friji kitabaki na umeme mchana kutwa.

Ndiyo sababu tunahitaji RCD. Swichi hii ni kama karani mwaminifu: huhesabu mkondo unaotoka kwenye laivu na ule unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30 hivi, hukata mara moja, kabla moyo wa mtu haujavurugika.

Sasa sikiliza vizuri. Kitufe cha T hakipimi ethi. Kinachopima ni swichi yenyewe tu, kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya tumbo lake. Unaweza kung'oa rodi yote ukaitupa shimoni, na bado kitufe kikaruka. Kwa hivyo kibonyeze kila mwezi, lakini usikichukue kuwa cheti.

Alichokikuta fundi wa pili

Mama hakunyamaza. Alimwita fundi mwingine, mwenye leseni na kipimo cha ethi. Mzee huyo hakuanza na inveta. Alianza na soketi ya friji. Akaifungua, akatuita. "Njooni muone. Waya ni mbili. Ya tatu iko wapi?" Tundu la ethi lilikuwa tupu. Friji ilikuwa ya zamani, ikivujisha mkondo kidogo usiotosha kurusha RCD, lakini uliotosha kumtekenya mama. Kuvuja kungezidi ghafla, mwili wa mama ndio ungekuwa waya wa tatu.

Kisha akapima rodi zote mbili. Kila moja ilikuwa peke yake, hazijuani kama wageni katika matatu. Mwisho akapima nyutro ya inveta wakati gridi imezimwa. Haikuwa imeungana na ardhi popote. Makosa matatu katika nyumba moja!

Kwa nini rodi mbili zisizojuana ni hatari?

Jibu ni radi. Sisi tunakaa kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ngurumo za alasiri si ngeni kwetu. Tuseme radi imepiga karibu na ampea 10,000 zikashuka kupitia rodi ya nyuma yenye ukinzani wa omu 20. Zidisha: volti 200,000. Kwa nukta hiyo rodi ya nyuma iko juu kama Mlima Elgon, na ile ya mbele imebaki chini bondeni. Mkondo utatafuta daraja kati ya mlima na bonde, na daraja lililopo ni inveta yako, betri yako, au mtu aliyeshika bomba la inveta kwa mkono mmoja na mlango wa friji kwa mwingine.

Dawa yake si kuondoa rodi. Dawa ni kuziunganisha kwa waya mnene wa shaba, ili rodi ya gridi, rodi ya sola, fremu za paneli, chuma cha inveta na mabomba ya chuma vyote vikutane kwenye ubao mmoja wa ethi. Hapo radi ikipiga, nyumba nzima hupanda na kushuka pamoja, kama mashua juu ya wimbi. Aliye ndani ya mashua haoni tofauti. Kizuia radi nacho husaidia, lakini bila ardhi moja hakina pa kuutupia mzigo.

Habari ya nyutro

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo twende polepole. Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mkondo nao ni vivyo hivyo: hauendi ardhini kukaa, unataka kurudi kwenye chanzo chake. Mkondo wa gridi hurudi kwenye transfoma, na pale nyutro imefungwa ardhini. Kwa hivyo ukivuja kwenye udongo una njia ya kurudi kwao, na RCD huona tofauti.

Mkondo wa inveta kwao ni inveta. Gridi ikikatika na nyutro ya inveta haijafungwa ardhini, laivu ikigusa chuma hakuna kinachotokea. RCD hunyamaza. Utadhani ni heri, kumbe kosa la kwanza limejificha. Siku waya wa pili utakapochubuka kwenye chombo kingine, mtu atakayegusa vyombo hivyo viwili kwa pamoja atapokea volti 240 zote, na RCD inaweza isione chochote.

Kwa hivyo wakati wa sola nyutro ya inveta hufungwa kwenye ethi mahali pamoja tu. Gridi ikirudi, kifungo hicho lazima kifunguke, la sivyo mkondo wa kila siku utaanza kutembea kwenye waya wa ethi. Inveta nyingi nzuri hufanya kazi hii zenyewe. Nyingine zinahitaji chenji-ova inayobadilisha laivu na nyutro kwa pamoja. Zingatia: laivu na nyutro hubadilishwa, ethi haikatwi kamwe. Na zipo inveta ndogo za bei rahisi ambazo nyutro yake ikifungwa ardhini huungua. Kitabu cha inveta ndicho msema kweli. Usijaribu mwenyewe.

Jambo moja zaidi kuhusu chenji-ova. Wapo wanaochomeka inveta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Hao wanachezea roho za watu. Stima hiyo huweza kurudi kwenye transfoma, ikapandishwa hadi volti 11,000, na kumkuta fundi wa laini juu ya nguzo akidhani waya umekufa. Yeye naye ana watoto wanaomngoja.

Ya kumwuliza fundi

1. Una leseni ya EPRA? Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi wa sola kutoka T1 hadi T3; anayeweza taa moja si lazima aweze mfumo wa stima mbili.
2. Rodi zote zimeunganishwa? Kwa waya gani?
3. Kila soketi ya inveta ina waya tatu?
4. Gridi ikikatika, nyutro inafungwa wapi, na ni nani anayeifungua?
5. Umepima ethi kwa kipimo, na umepata omu ngapi? Ni vizuri ipimwe wakati wa kiangazi, udongo unapokuwa mkavu.

Usikubali kudanganywa na chumvi na makaa. Chumvi hupunguza ukinzani kwa muda, kisha mvua huiosha, na rodi huliwa na kutu. Afadhali kuongeza rodi ya pili na ya tatu na kuziunganisha.

Kwetu kazi ilichukua siku moja na nusu. Ethi ilivutwa hadi soketi ya friji, rodi mbili zikaongezwa, zote zikafungwa pamoja, na chenji-ova ikawekwa. Kipimo kilishuka kutoka omu 46 hadi 13. Baba alilipa huku akiguna, lakini alilipa. Mama siku hizi hupiga deki akiimba, na fundi alipoondoka alituambia neno ambalo nimelifanya kichwa cha makala haya: "Stima ziwe mbili, hata tatu. Ardhi ni moja."

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini sakiti breka ya ampea 30 haikuruka katika hesabu yetu? Rudia hesabu kwa omu 5.
2. Kitufe cha T kinapima nini, na hakipimi nini?
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini ethi haipitishwi kwenye chenji-ova.
4. Nenda nyumbani utazame soketi ya friji yenu. Usiifungue. Mwulize mzazi ni lini ethi ilipimwa mara ya mwisho.