Mafunzo Niliyopata kwa Kereng'ende na Kinyonga

Kwa miaka mingi niliwatembeza vijana wapenda viumbe katika nyanda za juu za Kenya, na zoezi langu la kwanza halikubadilika: wamlinganishe kereng'ende mhamaji, Pantala flavescens, na kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii. Wewe unayeitaka kazi hii, chukua haya.

1. Usipime mwendo tu

"Mmoja ana haraka, mwingine hana," nilizoea kusema kwa madaha. Asubuhi moja tulimkuta kinyonga kwenye ua wa michongoma, anayumbayumba kama jani, jicho moja kwangu, la pili kwa nzi. Nikaanza kueleza upole wake. Sijafika mbali, nzi hayupo. Vijana wakacheka, nami nikapata kunyamaza. Kasi ya kinyonga imo ulimini. Ya kereng'ende imo katika mabawa manne, na kila bawa aweza kulipiga kivyake.

2. Mfuate hadi utotoni

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Tulichota maji ya dimbwi la mvua kwa beseni jeupe, ndani mkiwa na tunutu wa kereng'ende, mbaya wa sura, rangi ya tope. Ametulia tuli. Kiluwiluwi wa mbu alipopita karibu, mdomo wa chini wa tunutu, uliokuwa umekunjwa chini ya kichwa, ulifyatuka mbele ukamnasa. Kumbe mbio zote zile za angani hutanguliwa na maisha ya kuvizia, kinyonga mtupu! Tena tunutu ana deni la muda: dimbwi litakauka, hivyo huweza kukomaa kwa wiki chache tu. Mama kinyonga, ambaye hazai mayai bali watoto hai, huwabeba tumboni kwa miezi. Ukilinganisha wakubwa peke yao umefanya nusu ya kazi.

3. Uliza kafikaje

Wote wawili wapo Hawaii. Kereng'ende, anayevuka hata Bahari ya Hindi kwa kupanda upepo, hakupelekwa na mtu. Kinyonga alisafirishwa huko mwaka 1972 kwa biashara ya wanyama wa kufuga, akaachiwa, akazaana, na sasa anakula konokono wa asili wa visiwa vile. Kwenye daftari lako liandike swali hili kabla ya rangi. Rangi ya kinyonga hugeuka kwa hasira na kwa baridi, itakusumbua bure.