Wakulima wa Mpakani: Taveta na Büsingen



Kila msimu wa kuchuma neno magendo halitutoki midomoni. Basi mwezi huu tumeona vyema tuwaeleze habari za wakulima wa mahali pawili ambao mpaka umewapita mlangoni: Taveta katika Kenya, na Büsingen katika Ujerumani.

Taveta yatuhusu kuliko tunavyodhani. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yale yale yaliyokubali kuwa Unguja na Pemba ni za Sultani, ndiyo yaliyopiga mstari kutoka mto Umba hadi ziwa Jipe, kisha ukapita kati ya nchi ya Wataveta na ya Wachagga. Aliyeupiga hakuuliza nani humwuzia nani ndizi. Mvua huko ni chache, lakini maji ya Kilimanjaro hutoka chini kwa chemchemi, nazo ndizi na nyanya hustawi.

Büsingen ni kijiji cha watu kiasi ya 1,500 kando ya mto Rhein. Ni cha Ujerumani, lakini kimezungukwa na Uswisi pande zote. Fikirini, ndugu zetu, mkulima ambaye soko lake la karibu, mji wa Schaffhausen, liko nchi ya watu! Mwaka 1918 wenyeji walipiga kura, na 96 katika kila 100 walitaka kuwa Waswisi. Haikuwa, kwani Uswisi haikuwa na ardhi ya kufaa ya kubadilishana.

Mpaka haukuondolewa. Kilichobadilika ni karatasi. Mkataba wa mwaka 1964, ulioanza kutumika 1967, uliiingiza Büsingen katika forodha ya Uswisi, na sheria za kilimo za Uswisi zikawafuata hadi mashambani. Tangu hapo mazao yao huingia Schaffhausen bila ya ushuru. Raha haikutimia, lakini. Kodi ya mapato hulipwa Ujerumani, nayo ni nzito kuliko ya jirani, hali bei za vitu ni za Uswisi. Vijana wengi wamehama.

Taveta nao walipata karatasi yao. Mwaka 2005 ulianza umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, na mwenye shehena isiyozidi dola 2,000 hupewa cheti chepesi cha asili ya mazao. Tangu 2016 maofisa wa nchi mbili hukaa katika kituo kimoja. Hata hivyo, Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, kwa barua moja tu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Siku chache ni nyingi kwa mtu ambaye mzigo wake umo garini. Ndipo njia za panya hupata wapitaji.

Wako wasemao mpaka ndio huleta magendo. Sisi hatuafiki. Mpaka wa Büsingen upo pale pale, lakini mkulima hana haja ya kuuvuka usiku, maana huuza kwa masharti yale yale ya jirani yake. Karafuu yetu kwa sheria ina mnunuzi mmoja. Bei ya Mombasa ikipanda juu ya ya hapa, mashua za doria peke yake hazitoshi. Kwa maoni yetu, chama kidai bei itangazwe kabla ya kuchuma, wala isiguswe hadi msimu uishe.

Jambo hili litaletwa katika mkutano mkuu. Kila tawi lije na maoni yake kwa maandishi.