Chumba cha Kati: Kabla ya Kupanua Nyumba kwa Nyuma

Katika miji mingi ya Uingereza zipo nyumba ndogo za matofali zilizojengwa kabla ya mwaka 1919, zimeshikana kuta safu kwa safu. Mlango wa mbele hufungukia moja kwa moja sebuleni. Nyuma ya sebule kipo chumba cha pili, na baina ya vyumba hivyo hupita ngazi nyembamba iendayo juu. Kisha hufuata jiko, na nyuma ya jiko bafu na choo vilivyoongezwa baadaye, kwa kuwa nyumba hizo zilipojengwa hazikuwa na bafu ndani. Kando ya jiko hubaki ukanda mwembamba wa ua, usio na kazi kubwa ila kupitisha hewa na kuwekwa mapipa ya taka.

Familia yenye watoto watatu na bibi asiyeweza tena kupanda ngazi huiona nyumba ya namna hii kuwa finyu. Wazo linalokuja upesi ni kulivuta jiko mpaka uani, kuuziba ule ukanda wa kando, na kile chumba cha pili kumpa bibi alale humo. Kwenye karatasi mpango huu hupendeza. Tatizo ni kwamba chumba cha bibi kilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilitazama ua ule ule uliozibwa. Sasa chumba kimekuwa cha kati: hakina hewa yake, hakina mwanga wake, na anayelala humo hawezi kufika nje ila apitie sebuleni au jikoni. Nchini England vyombo vya kupikia ndivyo chanzo kikubwa zaidi cha mioto ya bahati mbaya majumbani. Moto ukianzia jikoni usiku, na mlango wa sebule umefungwa kwa ufunguo, bibi hana pa kupita.

Waliokulia katika nyumba za mawe za Lamu au Unguja huenda wasiione hatari hii kwa haraka. Huko chumba cha ndani kabisa ndicho chenye heshima na sitara. Mgeni huishia barazani au ukumbini. Lakini nyumba hizo zilikuwa na ua wa katikati ulio wazi juu, na ua huo ndio uliovipa vyumba vya ndani pumzi. Nyumba ya Kiingereza haina kitu hicho. Ukanda ule wa kando, ambao mafundi huuita nafasi inayopotea bure, ndio uliofanya kazi ya ua.

Mwongozo wa kanuni za ujenzi za England unataka kila chumba cha kukaa au kulala cha ghorofa ya chini kifungukie ukumbi unaoelekea mlango wa kutokea, au kiwe na mlango wake wa nje au dirisha la kuokokea. Dirisha hilo lapaswa kuwa na uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, upana na urefu wake usipungue milimita 450, na ukingo wake wa chini usizidi milimita 1,100 kutoka sakafuni. Wengine hufikiri kuacha kijiua kidogo kilichozungukwa na kuta pande zote kutalimaliza jambo. Kijiua hicho huleta mwanga na hewa, nalo ni jema, lakini aliyeruka dirishani akajikuta amefungiwa kati ya kuta karibu na moto hajaokoka.

Mpango ulio bora mara nyingi ni kuugeuza ule wa kwanza. Jiko liletwe katikati, na bibi apelekwe nyuma, katika sehemu mpya, awe na mlango wake wa kutokea uani na bafu lake karibu. Mabomba ya maji machafu tayari yako upande huo, kwa hiyo gharama ya kuyahamisha hupungua. Mguu wa ngazi uelekee sebuleni, kwenye mlango wa mbele, wala usiishie jikoni. Na baina ya jiko na ngazi uwepo mlango unaozuia moto. Kuondoa kuta zote ili chini pawe ukumbi mmoja mpana ni jambo linalopendwa sana siku hizi, lakini huupa moshi njia ya kupanda hadi wanakolala watoto.

Jiko la katikati lahitaji feni inayotoa hewa hadi nje, si darini: lita 30 kwa sekunde ikiwa juu ya meko, au 60 ikiwekwa kwingine. Bafu lataka lita 15. Mvuke usiotolewa hugeuka unyevu ukutani, na unyevu huzaa ukungu unaowazidishia pumu watoto na wazee. Jikoni kifungwe king'ora cha joto, kile cha moshi kiwe karibu na ngazi. Nyumba inayokaanga samaki na kufukiza udi kila Ijumaa hukerwa na king'ora cha moshi kilichowekwa pasipofaa, na mwishowe mtu huitoa betri.

Bafu la bibi lingefaa liwe na sakafu yenye mteremko, isiyoteleza, ili maji ya udhu yaende yenyewe kwenye shimo. Familia inayotaka choo kisielekee kibla imwambie mchoraji wa ramani kabla mabomba hayajafukiwa. Hapa kibla ni kusini-mashariki.

Fundi atasema kwamba kibali hakihitajiki. Husema kweli nusu. Nyongeza ya ghorofa moja kwa nyuma, isiyozidi mita 3 kwa nyumba za safu, mara nyingi haihitaji kibali cha mipango miji. Kanuni za ujenzi ni jambo jingine: hizo huhusu nyongeza hiyo hata kibali kisipohitajika, na kazi lazima ikaguliwe. Jirani wa ukuta wa pamoja naye apewe taarifa ya maandishi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1996. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zake.

Yapo mambo matatu ya ukuta wa nyuma ambayo husahauliwa. La kwanza ni bomba la moshi la boila. Likiwa latokea ukuta huo, nyongeza itaufanya ukuta uwe wa ndani, na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, itamwagika chumbani. Lihamishwe kwanza, na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register. Kadi yake isomwe mbele na nyuma, kwa kuwa nyuma ndipo palipoandikwa kazi anazoruhusiwa. La pili ni yale matofali yenye matundu karibu na ardhi. Hupitisha hewa chini ya sakafu ya mbao, na yakizibwa bila kuwekewa mabomba ya kupitisha hewa hiyo hadi nje, sakafu ya zamani huoza. La tatu ni asbesto, iliyopigwa marufuku kabisa nchini mwaka 1999. Inaweza kuwamo katika rangi nzito ya dari yenye mikwaruzo, vigae vya sakafu au paa la banda la uani. Ipimwe kabla ya kubomoa, wala isikwanguliwe wala kufagiwa.

Kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu, halmashauri za England hutoa ruzuku ya hadi pauni 30,000 ya kurekebisha makazi, kwa mfano kuweka bafu la chini. Hii ni ruzuku, si mkopo wa riba. Kwa mtu mzima kipato hutazamwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 kipato cha wazazi hakitazamwi. Ombi hupitia idara ya huduma za jamii au ya makazi, na mtaalamu huja nyumbani kumtazama bibi anavyoamka, anavyotembea na anavyooga. Kazi isianze kabla ya barua ya idhini kufika, kwa maana kazi iliyokwisha kuanza yaweza kunyimwa ruzuku.